KUCHAGUA PADI YA MICHEZO YA ZAMANI

Watu wengi hudhani kwamba padi zote za michezo ya video ni sawa. Sivyo hata kidogo.

Nyumbani tunayo Nintendo Switch, mashine iliyotolewa mwaka 2017, lakini michezo tuipendayo mimi na mdogo wangu ni ya zamani, kama Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Michezo hiyo ilitungwa kwa kitufe chenye umbo la msalaba, alichokibuni Bwana Gunpei Yokoi wa Japani kwa mchezo wa mkononi wa mwaka 1982. Padi ndogo ya kushoto ya mashine yetu haina msalaba, ila vitufe vinne vilivyotengana. Kidole gumba hulazimika kuruka kutoka kimoja hadi kingine, na Mario hutumbukia shimoni.

Fedha zetu za Idi zilitosha padi moja tu. Mdogo wangu alitaka ya umbo la mwaka 1983, kwa kuwa ilimpendeza macho. Lakini hiyo ina vitufe viwili tu, A na B. Michezo ya Super Famicom, iliyotoka mwaka 1990, huhitaji vinne, na viwili vingine juu. Tulibishana siku tatu. Mwisho akakubali tununue ya umbo la mwaka 1990, kwani huifaa michezo ya mashine zote mbili. Sasa twapokezana: mmoja akianguka, mwenziwe hushika.

Basi wenzangu, tazameni mchezo kwanza, kisha padi. Uzuri wa rangi hauvuki shimo.

Mwanafunzi, Kidato cha III