Dhamana ya Godoro la Mama

Najua wengi wenu hufungua jarida letu mkitafuta mashairi, vitendawili na vichekesho. Mimi leo nawaletea kisa cha godoro. Tafadhali usicheke kwanza. Ukifika mwisho utaona kwamba kisa chenyewe kinanihusu mimi kuliko linavyohusika godoro, na pengine kinakuhusu wewe pia unayelala bwenini.

Mama yangu hupika mahamri na mbaazi mbele ya nyumba tunayopanga huko Kisauni, Mombasa. Huamka saa tisa za usiku, na kufikia saa tatu asubuhi huwa amesimama mbele ya karai muda usiopungua saa tano. Mgongo ulianza kumsumbua zamani. Godoro alilokuwa akilalia lilikuwa limekwisha kabisa, limekuwa jembamba kama chapati. Akilala alisikia mbao za kitanda mbavuni.

Likizo ya Agosti mwaka wa 2023, nikiwa Kidato cha Kwanza, zamu ya Mama ilifika katika mchezo wao wa akina mama. Akapokea shilingi 12,000. Hakununua kanga wala sufuria. Alisema, "Safari hii nanunua godoro. Nataka kulala kama watu." Akaniambia nimsindikize mjini.

Dukani tulimkuta muuzaji mchangamfu, mdomo kama cherehani.

"Karibu mama, karibu ndani. Shika hili hapa, bonyeza. Hili ni sponji nzito, si yale ya kuinamainama. Na lina dhamana ya miaka mitano. Likiharibika walileta, wapewa jipya, hakuna maneno!"

Mama alibonyeza, akatabasamu. Kisha akachukua karatasi ya dhamana na kunikabidhi. "Hebu soma hapo, mwanangu. Wewe ndiye msomi wetu."

Naam, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mbele ya karatasi ile kulikuwa na maneno makubwa mekundu: miaka mitano. Nyuma kulikuwa na Kiingereza kitupu, herufi ndogo kama sisimizi, mistari imebanana. Nilisoma mstari wa kwanza na wa pili. Wa tatu ulikuwa na maneno nisiyoyajua. Joto lilikuwa kali, muuzaji alikuwa akinitazama, na Mama alikuwa akinitazama kwa fahari. Niliona haya kusema sielewi. Nikatikisa kichwa kama wakili.

"Iko sawa, Mama. Miaka mitano."

Akahesabu shilingi 11,500, akapewa risiti, tukalipakia godoro letu kwenye mkokoteni.

Nyumbani tulilitandika kitandani. Chaga za kitanda cha Mama zilikuwa zimevunjika siku nyingi, na fundi alikuwa ameziondoa na kupigilia plaiwudi moja pana, haina hata tundu. Godoro nalo tuliliacha ndani ya nailoni yake ili lisichafuke. Bibi, mama yake Mama, alisimama mlangoni akatazama. Yeye hulalia godoro la sufi tangu ujana wake, juu ya chaga, na kila wiki hulitoa nje kulianika.

"Mwalifungia ndani ya mfuko kama samaki?" akauliza.

Sote tulicheka. Bibi hakucheka.

Nilirudi shuleni. Oktoba hadi Desemba 2023 ilinyesha mvua ya El Niño, mnakumbuka wenyewe ilivyofurika. Nilipokwenda likizo nilipokewa chumbani na harufu ya uvundo. Mama alidhani ni ukuta. Tukapaka chokaa. Harufu haikutoka. Ikafika likizo ya Aprili 2024, na mvua ya masika nayo ikamwagika, hata kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa mpaka tarehe 13 Mei kwa sababu ya mafuriko. Siku moja Mama aliangusha sarafu nyuma ya kitanda, nikainua godoro ili niitafute. Lo! Upande wa chini ulikuwa na madoa meusi ya koga tangu miguuni hadi kichwani. Matone ya maji yalikuwa yamenata kwenye nailoni kwa ndani. Juu, mahali anapolala Mama, palikuwa pamefanya bonde.

"Si neno," Mama akasema. "Tuna dhamana."

Tulikwenda dukani na risiti yetu na karatasi yetu. Baada ya siku tatu alitumwa mtu nyumbani kukagua. Alikuwa mtu mpole mwenye rula mfukoni. Alitandaza ubao ulionyooka juu ya godoro, akapima kutoka ubaoni hadi chini ya bonde.

"Sentimita mbili na nusu," akasema. "Karatasi inataka zifike nne."

Mama akauliza, "Yaani mgongo wangu uumie mpaka zifike nne?"

Yule mtu alinyamaza. Akainua godoro, akaona koga, akatazama nailoni na ile plaiwudi. Akashusha pumzi. "Hapa mama, hata zingefika kumi nisingeweza kitu. Dhamana imekufa." Kisha akatuonyesha kwa kidole, mstari baada ya mstari, nyuma ya karatasi ile ile niliyosema iko sawa.

Kijasho chembamba kilinitoka. Mama hakunitazama. Afadhali angalinigombeza.

Usiku ule nilikaa na kamusi mbili na taa. Nilitafsiri karatasi nzima kwa Kiswahili, nikaandika kwenye daftari langu. Ilinichukua saa mbili na nusu. Kesho yake, baada ya mahamri kwisha, nilimsomea Mama. Ilisema hivi kwa ufupi.

Kwanza, dhamana inahusu kasoro zilizotokana na kiwanda tu, kama mshono kuachia, sponji kupasuka yenyewe au kubonyea zaidi ya sentimita 4. Godoro kuwa laini kidogo kwa kulaliwa si kasoro.

Pili, nailoni ya kusafirishia itolewe kabla ya kutumia.

Tatu, godoro lilazwe juu ya chaga au kitu kinachopitisha hewa, na mwanya kati ya chaga usiwe mkubwa.

Nne, madoa, maji, koga na uvundo havimo katika dhamana, na godoro lenye hayo halitapokelewa hata kama lina kasoro nyingine.

Tano, ile miaka mitano si sawa yote. Mwaka wa kwanza unapewa godoro jipya. Kuanzia wa pili, mnunuzi anachangia bei, na mchango huongezeka kila mwaka.

Nilipomaliza, Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema maneno ambayo hayajanitoka hadi leo: "Ungalinisomea hilo la pili siku ile, nailoni ningaliitoa kwa mikono yangu mwenyewe."

Basi, ndugu msomaji, kosa halikuwa la mama asiyejua Kiingereza. Lilikuwa la msomi aliyejifanya amesoma.

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa somo la Biashara. Alinieleza mambo mawili ambayo kila mnunuzi afaa kuyajua.

La kwanza ni kwamba dhamana si bima. Bima hukulipa ukipatwa na ajali uliyoiwekea. Dhamana ni ahadi ya mtengenezaji kwamba kazi yake haina kasoro, na kila ahadi ina masharti yake. Sasa tazama hewa ya pwani. Mombasa unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70. Mtu akilala hutoa jasho usiku kucha, na unyevu huo huteremka ndani ya sponji. Kama chini kuna chaga, hewa hupita na kuukausha mchana. Kama chini kuna plaiwudi au nailoni, unyevu hukwama hapo, na koga huota. Kwa hiyo sharti ambalo mahali pakavu lingekuwa maneno tu, kwetu pwani ndilo linaloamua kama dhamana itaishi au itakufa. Anayenunua godoro Mombasa, Lamu au Malindi, akitazama ile idadi ya miaka tu, ametazama ganda akaacha kokwa.

La pili ni kwamba karatasi ya duka si sheria yote. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaostahili, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa hizo. Kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Tena kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka wa 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kwenda bila wakili. "Lakini," mwalimu akaniambia, "ukienda huko lazima uonyeshe kwamba kasoro ilikuja na godoro. Godoro lenu lina nailoni na plaiwudi. Mtauliza kwa nini muuzaji hakuwaambia. Yeye atauliza kwa nini hamkusoma."

Nilipomweleza Mama habari za mahakama alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Nikashtakiane kwa ajili ya godoro, na mahamri atakaanga nani?"

Hata hivyo alikwenda dukani, akiwa na tafsiri yangu. Alimwambia yule muuzaji, "Mwanangu alikosa, hakusoma. Na wewe ulikosa, waijua hewa ya Mombasa na hukuniambia nitoe nailoni." Muuzaji hakuwa na la kusema. Hakutoa godoro wala shilingi. Alichofanya ni kuiomba ile karatasi ya Kiswahili ainakili. Sijui kama aliitumia.

Hapa nauliza jambo kama mwanachama wa chama hiki. Katiba ile ile, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Mbona basi neno la kumshawishi Mama anunue aliambiwa kwa Kiswahili kitamu, na neno la kumnyima haki likaandikwa kwa Kiingereza cha herufi za sisimizi? Sisi tunaosoma lugha zote mbili tuna deni. Kila mmoja wetu ana mzazi au jirani ambaye humpa karatasi na kumwambia, "Hebu nisomee hapo." Akikupa, soma yote. Neno usilolijua, sema hulijui. Haya ya dakika moja ni nafuu kuliko hasara ya shilingi 11,500.

Wenzangu wa bwenini, leo usiku kabla taa hazijazimwa, inueni magodoro yenu mtazame chini. Aliye na nailoni aitoe. Jumamosi lisimamishe dirishani lipate upepo, kisha ligeuze. Lakini sponji si sufi. Usiliache kwenye jua kali kutwa nzima, maana jua huifanya sponji igeuke rangi na kumomonyoka. Upepo na kivuli vyatosha. Na ukienda kununua, uliza maswali manne kabla ya kutoa pesa: bonde linahesabiwa kuanzia sentimita ngapi? Koga imo au haimo? Kitanda kiwe cha namna gani? Na baada ya mwaka wa kwanza nitalipwa kiasi gani? Risiti na karatasi ya dhamana viweke pamoja, mahali pakavu.

Mama bado analalia godoro lile. Tulilisugua kwa siki, tukalikausha upepeni, na fundi akang'oa plaiwudi na kurudisha chaga. Harufu imepungua. Bonde halikupungua. Kila likizo nachukua rula yangu ya hesabati na kulipima. Mara ya mwisho lilikuwa sentimita tatu. Najua hata likifika nne hakuna atakayetulipa, lakini napima tu, nisije nikasahau.

Baadaye Mama alimnunulia mdogo wangu godoro dogo, katika duka jingine. Muuzaji alipotoa karatasi, Mama aliichukua, akanipa mimi. Safari hii hakusema "msomi wetu". Alisema, "Soma. Yote. Kwa sauti."

Nikasoma, mstari kwa mstari, nikitafsiri, wateja wengine wamesimama nyuma yetu. Palipo na neno nisilolijua nilimwuliza muuzaji, naye mawili hakuyajua, ikabidi amwite mwenye duka. Mama alingoja mpaka mwisho. Kisha akafungua fundo la kanga, akalipa.

Tulipofika nyumbani Bibi ndiye aliyeichana nailoni.