Tuwashukuru Wakiwa Hai



Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, siku moja tulikuwa ndani ya basi pamoja na wanafunzi, tukirudi kutoka kwenye maulidi. Tulipofika karibu na Mnazi Mmoja, jijini Dar es Salaam, tuliwauliza: "Hii ni barabara ya nani?" Wakajibu kwa pamoja: "Ya Bibi Titi!" Tukawauliza tena: "Na huyo Bibi Titi ni nani?" Basi zima likanyamaza. Binti mmoja akasema, "Ustadhi, labda alikuwa mke wa Rais." Tulicheka, kisha tukaona haya, maana sisi ndio tuliokuwa hatujawafundisha.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu. Shule ya msingi alisoma miaka michache tu. Watu wa mjini walimjua kwa sauti yake, katika maulidi na katika kikundi cha ngoma cha kina mama. Mwaka 1955 alijiunga na TANU, akapewa kazi ya kuwaleta wanawake katika chama. Hakuanza na maneno makubwa ya wasomi. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, ambao kina mama walikuwa tayari wanawaamini, akazungumza nao lugha wanayoielewa. Haukupita muda mrefu, maelfu ya wanawake wakachukua kadi. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, naye akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT na Waziri Mdogo.

Lakini maisha marefu hayakosi mitihani. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akatoka kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Tangu hapo aliishi kimya, mbali na siasa. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, ndipo jina lake lilipotajwa tena hadharani kwa heshima. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, Afrika Kusini, akiwa na miaka 74.

Kutoka 1972 hadi 1991 ni miaka 19. Hesabu hiyo ndiyo iliyotuchoma, kwa sababu ilitukumbusha bibi mmoja wa mtaani kwetu. Darasa la kwanza la madrasa hii lilikaa barazani kwake. Mwezi wa Ramadhani alitupikia uji. Akifariki mwanamke asiye na ndugu, yeye ndiye aliyeitwa kumkosha. Miguu ilipomshinda akabaki ndani, na sisi walimu, tuliojifunza alifu na bee barazani hapo, tulimaliza mwaka mzima bila kwenda kumjulia hali. Kila siku tulisema tuna kazi nyingi.

Wiki ile ile tulikwenda na wanafunzi. Tulijiandaa kuomba radhi, lakini hakutupa nafasi. Majina yetu mengine alikuwa ameyasahau. Alimshika kila mtoto mkono akamuuliza, "Umefika juzuu ya ngapi, mjukuu wangu?" Mmoja alipojibu kwamba bado yumo katika Juzuu Amma, bibi akamwambia, "Basi nisomee hapo hapo ulipofika." Mtoto akasoma, na bibi akamsahihisha mara mbili. Tulitoka pale tumeinamisha vichwa.

Wanafunzi wetu, dini yetu imetufundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Kuipa barabara jina la mtu ni jambo jema, lakini barabara haimpelekei mgonjwa maji ya kunywa. Sasa kila Ijumaa mabinti wawili wa madrasa huenda kwa bibi, wakamfagilia, wakamchotea maji na kumsomea walichojifunza. Nanyi wazazi, muulizeni mtoto wako leo: katika mtaa wetu, nani aliyetutumikia na sasa hatoki nje? Kisha mwende pamoja, kabla hamjaitwa mazikoni.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi, na awape afya njema na mwisho mwema wazee wetu walio hai. Amin.