Sauti za Mida na Masikio ya Mama

Watu wengi hustaajabu niwaambiapo kwamba simba wamwonaye kwenye televisheni akitafuna mfupa, aghalabu sauti ile si yake. Mpiga picha wa wanyama husimama mbali, pengine mamia ya mita, na lenzi yake ndefu humleta mnyama karibu. Sauti haina lenzi ya namna hiyo. Picha hurudi bubu, au imechanganyika na upepo na mazungumzo ya dereva, nayo sauti hutafutwa baadaye. Nyayo za dubu juu ya theluji hutengenezwa studio kwa kuminya wanga wa mahindi. Hilo halinikeri sana. Mla biriani haulizi vitunguu vilikaangwa katika chungu kipi.

Lakini iko sauti nyingine ambayo haifanyiziki kwa mikono, nayo ni ile ya mahali penyewe: majani, wadudu, ndege wa mbali, maji yakipwa. Mtazamaji haitambui ikiwapo. Ikikosekana huhisi kwamba amedanganywa, wala hajui kwa nini. Kazi yangu ni kuinasa hiyo.

Niliianza nikiwa fundi wa sauti katika redio ya jamii. Sasa huenda msituni na kwenye mikoko, mara nyingi pamoja na kaka yangu, kwa kuwa saa za kazi hii ni mbaya kwa mwanamke kuwa peke yake njiani. Sauti njema hupatikana kati ya alfajiri na kuchomoza jua, upepo haujaamka na pikipiki bado chache. Msimu wa kusi hunitesa. Hata maikrofoni ikivishwa kifuniko chake cha manyoya, upepo hupenya na kunguruma. Kisha ni kukaa kimya. Dakika 20, pengine 40, bila kusogeza mguu wala kumpiga mbu. Buibui langu jeusi la kitambaa laini nililiacha nyumbani tangu siku za mwanzo, kwa sababu kila nipumuapo lilichakarisha. Huvaa dera la pamba na kujitanda leso iliyofuliwa mara nyingi ikalegea.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kiasi cha kilomita za mraba 420, hatuingii bila kiongozi, maana una ndovu. Humo mumo kibundi cha Sokoke, ndege wa sentimita 16 hivi, ambaye wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1966 na ambaye, mbali na msitu huu, hujulikana pia chini ya milima ya Usambara, Tanzania. Huimba noti moja fupi, akiirudia kwa mwendo ule ule, kama mtu agongaye mlango kwa adabu. Huko Mida mambo ni mengine. Maji yakipwa, tope lenyewe hulia: vijitundu hupasuka, kaa hukwaruza mizizi. Nikitumbukiza maikrofoni ya majini husikia mchemko usiokoma, kama karai la viazi lililokolea moto. Ni kamba wadogo hao, kila mmoja akifyatua gando lake moja kubwa.

Mama yangu alizaliwa karibu na Mida. Presha ya macho ilimpokonya nuru yake miaka mingi iliyopita, na sasa anakaa nasi Mombasa, ambako kunguru hawampi ndege mwingine nafasi ya kusema. Televisheni huitazama kwa masikio. Siku moja ilionyeshwa tamthilia iliyopigwa pwani yetu, ambayo mimi nilipeleka sauti za asubuhi. Mama akainua kichwa, akasema, "Mwanangu, huyo ndege si wa huku." Alisema kweli. Mhariri mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa ameondoa tetere wangu na dudumizi wangu akaweka ndege wa bara jingine, kwa kuwa aliona analia kwa mvuto zaidi.

Desturi hiyo ni ya zamani. Filamu za Tarzan zilitia katika misitu ya Afrika kicheko cha kookaburra, ndege wa Australia. Vyura wa California wamelizwa katika misitu ya dunia nzima kwa sababu tu waliishi karibu na Hollywood. Hata tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya Marekani, sauti yake nyembamba huonekana haimfai, basi huazimwa ya kipanga mwenye mkia mwekundu. Wasemao kwamba haidhuru wafikiri juu ya mtoto wa Kilifi anayekua akidhani hiyo ndiyo sauti ya kwao.

Tena sauti ni shahidi. Mwaka 1988, Mmarekani Bernie Krause alinasa alfajiri ya bonde liitwalo Lincoln Meadow, katika milima ya Sierra Nevada, kabla ya miti kukatwa. Wakataji waliwahakikishia wenyeji kwamba wangechagua mti hapa na mti pale, wala mahali pasingeharibika. Mwaka mmoja baadaye alirudi. Picha yake ilionyesha bonde lile lile, la kijani, zuri. Lakini kinasa sauti kilileta mlio wa maji ya kijito na ndege mmoja mmoja tu. Alirudi mara nyingi kwa miaka 25, na wingi ule wa kwanza hakuupata tena. Tangu niisome habari hiyo, kila sauti niinasayo huiandikia tarehe, saa na hali ya maji, bamvua au maji mafu, ili ajaye baada yangu aweze kulinganisha.

Mwaka jana watengenezaji wa filamu waliniagiza alfajiri ya Mida, kwa sharti moja: pasisikike binadamu. Nami nilikuwa nimenasa dakika 35 safi kabisa, ila dakika ya sita adhana inavuka maji kutoka ng'ambo, nyembamba, na ndege wa kwanza wanaanza kabla haijakwisha. Waliita uchafu wa sauti. Nilitaka kuwaambia waende Gedi, hapo jirani, wautazame msikiti mkuu ambao kuta zake zingali zimesimama kati ya miti. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na msitu ukaota juu yake baadaye. Adhana ilitangulia miti ile. Sikuwaambia. Niliwakatia kipande kuanzia dakika ya kumi, wakalipa.

Kile kizima nilimpelekea mama. Alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa kitanda, akanitajia ndege mmoja baada ya mwingine, wawili kwa majina nisiyoyajua, ya Kigiryama aliyofunzwa na wanawake waliochanja kuni pamoja naye. Kisha akauliza mbona kwarara hawamo, nami sikuwa na jibu. Nimeyaandika majina yale mawili. Wajukuu wake wameshajua kumwashia, naye huwataka wanyamaze hadi ipite dakika ya sita.