"Sistimu iko chini" si jibu

Wasee wa Bura, hii sentensi mnaijua. (Bura yetu ya Fafi, Garissa, si ile ya Tana River.) Unatoka nyumbani alfajiri, unakula vumbi mpaka town, unafika kwa dirisha unaambiwa, "Sistimu iko chini, rudi kesho." Kesho wapi, na nauli imeisha?

Nilipokuwa atachimenti kwa chuo kimoja, jina naliacha, niliona sistimu ikianguka kutoka upande wa ndani. Kila wiki ya usajili, seva ya majina ilikufa. Hiyo seva ndiyo saraka: ina jina lako, namba yako na nywila. Ikilala, hakuna anayeingia popote, hata mwenye amelipa fee yote. Dada mmoja wa huku kwetu alirudi nyumbani bila kusajiliwa, na kwa wengine safari kama hiyo ndiyo mwisho wa masomo.

Wakubwa wakasema RAM ni kidogo. Ikanunuliwa, kutoka GB 8 hadi 16. Kabla ilikuwa inaanguka baada ya siku mbili. Sasa ikawa nne. Yaani pesa yote ile ilinunua siku mbili!

Fundi wetu, mzee tuliyemwita abti, alikataa kuizima na kuiwasha tena kabla ya kusoma logi. Ukiiwasha upya, kache inaanza ikiwa tupu, kila kitu kinapendeza, halafu mnapongezana bure. Kwenye logi ya Linux aliikuta wazi: memori imeisha, kerneli imeiua slapd, ile programu ya OpenLDAP inayohudumia saraka. Kwa hivyo haikuwa imejifia. Iliuawa ili mashine yenyewe isikwame.

Swali likawa, nani anakula memori? Walikuwa wanatumia mtindo wa zamani wa Berkeley DB, ambapo kache ya slapd inahesabu rekodi, haipimi uzito wake. Mtu aliweka 40,000, idadi ya wanafunzi wa sasa na wa zamani. Kwa rekodi ya jina na nywila hiyo si kitu. Lakini baadaye mtu mwingine akaamua kila mwanafunzi awe na picha ndani ya saraka, karibu KB 300 kila moja. Piga hesabu: 40,000 mara KB 300 ni GB 12. Na Berkeley DB ina kache yake pembeni, hapo walikuwa wameipa GB 4. Jumla 16, na Linux yenyewe haijala. Picha moja ilikuwa inakaa kwa memori zaidi ya mara moja, na kwa sababu rekodi huingia kwa kache pale tu zinaposomwa, tanki lilijaa polepole. Ndiyo maana ilikuwa siku nne, si dakika nne.

Kibaya zaidi, ukiua Berkeley DB katikati ya kazi, databesi lazima ikarabatiwe kabla ya kuamka. Foleni inasubiri hapo nje kwa jua.

Abti alipunguza kache, akatoa picha kwenye saraka, kisha akahamia LMDB, iliyoandikwa na Howard Chu mwaka 2011. Hiyo haina kache yake; inaisoma databesi kupitia memori ya Linux, na ikikatwa ghafla haihitaji ukarabati. OpenLDAP wenyewe waliitupa ile njia ya zamani kwenye toleo la 2.5, mwaka 2021. Angalizo tu kwa wenye watajaribu: LMDB huonekana inakula memori kubwa ajabu kwa orodha ya programu. Usiogope, nyingi ni ramani ya faili, Linux huichukua tena ikihitaji. Ila weka ukubwa wa juu mwenyewe, maana ule wa kuanzia ni MB 10, utajaa kabla hujamaliza chai.

Usajili uliofuata ulipita bila seva kuanguka. RAM mpya iko pale, nusu imelala, na bosi bado anaambia watu ni yeye aliirekebisha.