MC wa harusi hakukimbia na advansi, gari iligoma kutoka kwenye P

Wadau, leo naanza na la kwangu kabla hamjanishukia kwenye komenti. Ile posti ya juzi, kwamba MC mmoja wa huku kwetu Isongole kala advansi ya harusi ya Tunduma na kavuka mpaka kwenda Malawi, niliipandisha mimi. Mtu alinitumia, nikaitupia hewani bila hata kumpigia mhusika. Jina sikutaja, ila nyie mnamjua.

Jumatatu nikasikia anauza spika. Nikasema tayari, ushahidi huo! Nikaenda kwake na simu mkononi nipate picha.

Nikamkuta kakaa chini karibu na IST yake, kachoka. "Mdogo wangu, hata wewe?" Basi, hakuongeza neno. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kumbe Jumamosi kapakia vyombo vyote, kawasha gari, injini poa kabisa, gia haitoki kwenye P. Anavuta, wapi. Kutoka hapa mpaka Mpemba ni kama kilomita 50, ndo ushike barabara ya Tunduma, na bodaboda haibebi spika nne. Kafika ukumbini usiku, mikono mitupu, wakamtimua. Fundi alipoitwa kasema giaboksi imekufa, ya mtumba ni milioni 1.4. Ndo spika zikaingia sokoni.

Sasa mimi baada ya fomu foo nilikaa miezi minane kwa fundi umeme wa magari, kuna vitu vilibaki kichwani. Giaboksi ikifa, kwa kawaida mkono wa gia unasogea ila gari haiendi. Huu wa kwake haukusogea hata kidogo. Nikamwambia, kaka, washa swichi, kanyaga breki. Nikatega sikio. Gari nyingi za otomatiki ukikanyaga breki unasikia "tik" pale chini ya gia, ni kisumaku cha umeme, mafundi wanakiita solenoidi, kinaachia kizuizi ili gia itoke P. Hapa kimya. Nikazunguka nyuma, kanyaga tena kaka. Taa za breki haziwaki, hata ile ya juu.

Hapo nikapata picha. Juu ya pedeli ya breki kuna swichi ndogo. Hiyo hiyo inayowasha taa za breki ndiyo inaiambia gia kwamba mguu uko kwenye breki. Ikifa, gia haina habari, inabaki P.

Fyuzi ya STOP nzima. Nikachukua balbu yenye nyaya mbili, mmoja kwenye bodi, mwingine kwenye soketi ya swichi. Upande mmoja moto upo muda wote, upande wa pili hamna hata akikanyaga mpaka mwisho. Tukapandisha hendibreki, nikaunganisha pande mbili kwa kipande cha waya. Taa zikawaka, tik, gia ikashuka mpaka D! Jamaa alinikumbatia mpaka nikasahau kilichonileta. (Ni kwa kupimia tu jamani, msiendeshe hivyo, gia itatoka P bila breki na taa hazitazima.)

Halafu Toyota nyingi zina kitundu pembeni ya gia kimeandikwa SHIFT LOCK. Unabonyeza huku umekanyaga breki, gia inatoka. Angejua, angewahi harusi, ingawa kuingia Tunduma usiku bila taa za breki, na yale malori ya Zambia nyuma yako, mimi nisingethubutu.

Swichi ya mtumba tumeipata Tunduma kwa 15,000.

Spika mbili zilishaondoka Jumapili, kachukua jamaa wa Chitipa. Kwa hiyo kweli kuna kitu kimevuka mpaka, ila ni spika. Posti nimeifuta jana, nimemwomba msamaha mbele ya mke wake. Skrinshoti bado zinazunguka kwenye grupu la kamati ya harusi, na harusi ya mwezi ujao wameshamtafuta MC mwingine.