Enkoda, Puli na Makaa ya Mbinga

Ufundi wa umeme wa mitambo niliuanzia kwenye kahawa, Mbinga mjini, kisha nikahamia kwenye makaa ya mawe. Kote huko kifaa kilichonishughulisha kuliko vyote ni enkoda, kile kikopo kinachofungwa mwishoni mwa shafti ili mashine ijue imezunguka kiasi gani.

Enzi za kahawa tulitumia umeme wa jenereta za dizeli. Gridi ya taifa ilikuwa haijatufikia: laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikuja kukamilika mwaka 2018. Umeme ulipokatika, hesabu ya palsi, yaani vipigo vya umeme ambavyo enkoda hutoa kwa kila hatua, ilipotea, maana enkoda ya kawaida haijui mahali, inajua hatua tu. Umeme ukirudi, ilibidi mashine isogezwe polepole hadi kwenye alama ya sifuri ndipo kazi iendelee. Zipo enkoda ambazo kila pembe ina namba yake. Hizo ukiziwasha tu zinakwambia zilipo. Bei yake ni kubwa, lakini kwa umeme wa aina ile nilizitetea kila mara.

Kwenye makaa, enkoda ilikaa kwenye puli ya mkanda wenye mizani. Mizani inapima uzito ulio juu ya kila mita, enkoda inatoa mwendo, na kompyuta inazidisha kupata tani. Puli ikiwa na mzunguko wa mita moja na enkoda ikitoa palsi 1,024, kila palsi ni karibu milimita moja ya mkanda. Enkoda ina njia mbili, A na B, zilizopishana robo ya hatua. Ukihesabu kila kupanda na kushuka kwa zote mbili unapata 4,096, yaani robo milimita. Tena, inayotangulia ndiyo inayoonyesha mkanda unaelekea wapi. Mkanda wetu ulipanda mlima. Ukisimama na mzigo ulirudi nyuma kidogo huku ukitikisika. Enkoda ya njia moja ingehesabu mtikisiko ule kama makaa yaliyopita.

Masika ndiyo yalinifundisha zaidi. Makaa yakilowa, vumbi lake hugeuka tope jeusi linaloganda kwenye puli. Tabaka la milimita 5 linaongeza kipenyo kwa milimita 10 na mzunguko kwa milimita 31 hivi. Puli inazunguka taratibu zaidi ilhali mkanda uko kasi ileile, na mizani inapunja asilimia 3: lori la tani 30 linasomeka kama tani 29.1. Enkoda haina kosa hata chembe. Palsi zote zimefika, safi, kwenye osiloskopu unaziona zimenyooka. Wingi wa palsi unagawanya mzunguko vipande vidogo zaidi. Kwamba mzunguko wenyewe umebadilika, hauwezi kukwambia.

Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alinijia msimu mmoja wa mvua na karatasi ya kuagiza vifaa.

“Shikamoo mzee. Hesabu za mkanda hazilingani na mizani ya malori. Nimeandika enkoda ya palsi 5,000.”

“Marahaba. Puli umeipima?”

Hakuwa ameipima. Tulifunga swichi kuu kwa kufuli, tukashuka na futi ya utepe, tukaizungushia puli. Alisoma namba mwenyewe, akachana ile karatasi, akaenda karakana kukata bamba la kukwangulia tope.