Mashine ya Msasa na Vumbi Linalokwenda Nyumbani

Akina mama wenzetu, siku hizi wengi wetu hatungoji fundi kwa kila jambo. Stuli ikichana nguo tunailainisha wenyewe, kabati likichakaa tunalipaka vanishi. Kikundi chetu kanisani kilijitolea kutengeneza mabenchi ya watoto wa shule ya Jumapili, na fundi seremala jirani akatuazima mashine yake ya umeme ya kupigia msasa, ile ndogo ya kushika mkononi. Sisi wauguzi katika kikundi tuliomba tuzungumze kwanza, kabla plagi haijaingia kwenye soketi.

Tulianza na ukaguzi. Waya ukiwa umechubuka, mashine haitumiki hata kidogo. Msasa hufungwa au kubadilishwa plagi ikiwa imechomolewa, si swichi kuzimwa tu. Karatasi ya msasa ina matundu, na sahani ya mashine pia ina matundu. Yalinganishwe, maana humo ndimo vumbi hupita kwenda kwenye mfuko wake. Kisha tulipapasa kila benchi kutafuta misumari iliyochomoza, tukaigongomea ndani, kwa sababu msumari huchana msasa na hutoa cheche, na cheche zikiingia kwenye mfuko wa vumbi huwasha moto.

Kanga tulizivua, tukavaa magauni yasiyopwaya, na nywele tukazifunga. Benchi lilibanwa lisicheze, na waya tukaupitisha nyuma ya bega. Tulianza na msasa namba 80 kuondoa mikwaruzo, tukafuata namba 120, tukamalizia na namba 180. Mashine haikandamizwi, uzito wake unatosha. Isogezwe polepole kufuata mistari ya mbao, wala isiwekwe chini mpaka itulie kabisa. Mikono ikianza kufa ganzi kwa mtikisiko, pumzika, umpokeze mwenzako.

Hayo yote fundi yeyote atakueleza. Lililotusumbua sisi ni vumbi. Mbao zetu nzuri, kama mninga na mvule, zina vumbi linalowasha pua na ngozi, na mwenye pumu linaweza kumbana kifua. Tena mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliainisha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ni kweli, wanaoumia zaidi ni wale wanaolivuta kazini miaka mingi. Lakini hakuna sababu ya kulivuta hata siku moja. Mtandio uliofungwa puani hauzuii vumbi jembamba. Hata barakoa nyepesi tunazovaa wodini huacha nafasi pembeni. Inayofaa ni ile nene inayobana uso, kama ya N95, pamoja na miwani ya kinga. Kazi ifanyike nje, watoto wakiwa mbali.

Mabishano yalikuja kwenye mabenchi mawili ya rangi ya manjano ya zamani, ambayo hakuna aliyejua yalipakwa lini. Tulisema hayo yasiguswe na mashine. Mama mmoja akauliza, "Jamani, watoto wamekalia rangi hiyo miaka yote, mbona hawajafa?"

Swali lake lilikuwa la haki. Rangi nyingi za zamani, hasa za manjano, nyekundu na kijani, zilichanganywa na madini ya risasi. Rangi ikiwa imeshika vizuri kwenye mbao, hatari yake ni ndogo. Ukiipitishia mashine, inakuwa unga unaotua kwenye mikono, kwenye nguo na kwenye mchanga wanapochezea watoto. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Haimwui ghafla, huharibu ubongo wake kimyakimya, akawa mzito wa kujifunza, na mama asijue chanzo. Kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Basi mabenchi hayo tuliyaosha kwa sabuni, tukayasugua taratibu kwa mkono na msasa wa maji, yakiwa yamelowa muda wote ili vumbi lisiruke. Wajawazito hawakushiriki. Tope tulilifuta kwa matambara tukayafunga ndani ya mfuko, kisha tukapaka rangi mpya ambayo kopo lake limeandikwa haina risasi. Kumbukeni, maji ni ya kazi ya mkono tu. Mashine ya umeme na maji havikutani.

Mwisho wa kazi hatukufagia kwa ufagio mkavu, tulipangusa kwa kitambaa kibichi. Mfuko wa vumbi tulikwenda kuumwaga mbali na nyumba, maana vumbi lenye vanishi likirundikana linaweza kupata joto likashika moto lenyewe.

Ndugu msomaji, ukirudi nyumbani mtoto atakukimbilia akitaka kupakatwa. Mwombe asubiri. Vua nguo za kazi, zifue peke yake, oga na uoshe nywele, halafu ndipo umchukue.